Lita kwanza: shajara ya mradi wa kupunguza gesi joto kwenye magari na ofisi za serikali

Wiki ya 1 hadi ya 3: mipaka

Kazi ya kwanza haikugusa gari lolote. Ilikuwa kukubaliana nini kinahesabiwa na nini kinaachwa, maana hesabu ya gesi joto ikianza bila mipaka kila idara huleta namba inayoipendeza. Kigezo kilichochaguliwa ni kile ambacho GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, inakiita udhibiti wa uendeshaji: chombo ambacho idara ndiyo inayokipangia kazi, inayokitia mafuta na kukipeleka gereji kinahesabiwa kwake, hata kama kadi ya umiliki ina jina la ofisi nyingine.

Wigo wa 1 ni mafuta yanayoungua kwenye injini na jenereta, pamoja na gesi inayovuja kwenye viyoyozi. Wigo wa 2 ni umeme wa kununua. Wigo wa 3 ni mengineyo: safari za ndege, magari ya kukodi, kazi za wakandarasi. Huku kwenye Wigo wa 3 ndiko kiini macho kinakojificha. Idara ikiuza malori yake na kumpa mkandarasi kazi ileile, Wigo wa 1 utashuka vizuri sana kwenye karatasi, ilhali moshi ni uleule, umebadilisha mwenyewe tu. Kwa hiyo limeandikwa tangu mwanzo: kazi iliyokuwa ya gari la serikali ikihamia kwa mkandarasi, lita zake zinaendelea kuhesabiwa, na sharti la kuleta taarifa ya lita kila mwezi linaingia kwenye mkataba kabla haujasainiwa. Baada ya kusainiwa hakuna atakayeileta.

Mwaka wa msingi, ule wa kulinganishia miaka inayofuata, lazima uwe na miezi 12 kamili yenye stakabadhi. Mwaka 2020 umekataliwa. Magari mengi yalikaa bure wakati wa UVIKO-19, na ukianzia hapo kila mwaka unaofuata utaonekana wa hasara. Imewekwa pia kanuni ya kurudia hesabu: magari yakihamishwa kutoka idara moja kwenda nyingine na mabadiliko yakazidi asilimia 5 ya jumla, mwaka wa msingi unapigwa upya. Gari lililohama si punguzo.

Vizidishi vilivyopitishwa: dizeli kilo 2.68 za hewa ukaa kwa lita, petroli kilo 2.31. Swali linalorudi kila kikao ni inakuwaje lita moja ya dizeli, ambayo haifiki hata kilo moja, itoe karibu kilo tatu za gesi. Jibu liko kwenye oksijeni. Lita ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84, na takriban asilimia 86 ya uzito huo ni kaboni, yaani kilo 0.72. Kila gramu 12 za kaboni zikiungua hubeba gramu 32 za oksijeni kutoka hewani na kuwa gramu 44 za hewa ukaa. Zidisha 0.72 kwa 44, gawa kwa 12, unapata 2.64. Tofauti ndogo inayobaki inatokana na uzito na mchanganyiko halisi wa mafuta.

Wiki ya 4 hadi ya 9: daftari la mafuta

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na haukupotea. Hatua yoyote inayofuata, iwe matairi, jenereta au gari la umeme, itathibitishwa na daftari hili au haitathibitishwa kabisa. Makadirio kwa kilomita yamekataliwa mahali popote penye stakabadhi ya lita. Kilomita hazitoi moshi.

Utaratibu ni wa kujaza tenki hadi pampu ijikate yenyewe, kuandika lita na kusoma odomita papo hapo pampuni, si jioni ofisini. Lita za kujaza leo ndizo zilizotumika tangu mara ya mwisho. Gari likiwekewa nusu tenki, hesabu ya siku hiyo inaachwa na kuunganishwa na ya ujazo kamili unaofuata.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni tarakimu kubadilishana nafasi. Chukua pikapu iliyojazwa lita 62 odomita ikisoma 183,790, kisha lita 62 tena kwenye 184,350. Zimepita kilomita 560, matumizi ni lita 11.1 kwa kilomita 100. Mwandishi akiandika 148,350, programu inapiga kelele kwa sababu gari limerudi nyuma kilomita elfu thelathini na kitu. Hilo ni rahisi. Gumu ni akiandika 184,530. Kilomita zinakuwa 740, matumizi yanashuka hadi 8.4, na mtu anapongezwa kwa kuokoa mafuta. Ujazo unaofuata, odomita ikiwa 184,910 na lita ni 62 zilezile, daftari linaona kilomita 380 tu na matumizi yanaruka hadi 16.3. Hapo dereva anaitwa kujieleza kama mwizi wa mafuta. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu, jumlisha mijazo miwili jirani: lita 124 kwa kilomita 1,120 zinarudi palepale kwenye 11.1. Kosa la kuandika hujifuta ukijumlisha, wizi haujifuti.

Mambo mengine yaliyojitokeza kwenye daftari:

Jerikeni. Mafuta ya jenereta, mashine za kukata nyasi na pampu za maji yalikuwa yanaandikwa kwa namba ya gari lililotumwa kuyachukua. Gari hilo linaonekana bovu na jenereta inaonekana haitumii kitu. Kila mashine isiyo na namba ya usajili imepewa namba yake ya ndani, imepakwa rangi kwenye bodi, na pampu haifunguliwi bila namba hiyo.

Matairi makubwa. Gari likivalishwa matairi yenye kipenyo kilichozidi cha awali kwa asilimia 3, gurudumu linazunguka mara chache zaidi na odomita inasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Matumizi yanaonekana yamepanda bila injini kubadilika. Saizi ya tairi sasa ni safu mojawapo kwenye lahajedwali.

Greda, trekta na shindilia. Hizi hupimwa kwa lita kwa saa. Mashine ambazo mita ya saa imekufa zimeorodheshwa kwa matengenezo kabla ya jambo lingine lolote.

Tenki la kuhifadhia. Salio la mwanzo, jumlisha yaliyopokewa, toa salio la mwisho, unapata yaliyotolewa, na jibu lilingane na jumla ya pampu. Halilingani kamwe kwa lita kamili. Dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo lita 10,000 zilizopokewa za moto zikapoa nyuzi 10 zitapungua kama lita 80 bila mtu kugusa bomba. Kijiti cha kupimia kiingizwe alfajiri, saa ileile kila mara, na kipakwe dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Maji yakikaa chini ya tenki huinua kipimo na kukudanganya kwamba una mafuta. Pampu nayo ihakikiwe kwa chombo cha lita 20 kilichothibitishwa na wakala wa vipimo.

Wiki ya 10: sailensa

Injini inayounguruma gari likiwa limesimama, yaani sailensa, ndiyo hasara nyepesi kuizuia. Pikapu ya dizeli hunywa kama lita 0.8 kwa saa ikiwa sailensa, na zaidi kiyoyozi kikiwaka. Lori kubwa linafika lita 3. Saa moja na nusu kwa siku, siku 240 za kazi: 0.8 × 1.5 × 240 ni lita 288, sawa na kilo 772 za hewa ukaa kwa pikapu moja ambayo kwa saa zote hizo haijasogea hata hatua.

Imani kwamba kuwasha injini upya kunakula mafuta kuliko kuiacha iungurume ilitoka enzi za kabureta. Kwa injini za injekta, ukisimama zaidi ya sekunde 10 umeshapoteza kuliko ambavyo ungetumia kuwasha. Kwa matumizi ya kila siku kanuni iliyowekwa ni dakika moja, ili stata zisichakae bure kwenye foleni. Injini ya tabo iliyotoka kupanda mlima na mzigo iachwe dakika moja au mbili ipoe kabla ya kuzimwa. Hiyo haihesabiwi kosa.

Vifaa vya kufuatilia magari vilivyokuwepo tayari vinaweza kutoa ripoti ya sailensa, ila ripoti ya kwanza ilikuwa haina maana. Sababu mbili. Kwanza, waya wa kifaa ulikuwa umeunganishwa kwenye nafasi ya ufunguo inayowasha redio, kwa hiyo kila dereva aliyesikiliza taarifa ya habari injini ikiwa imezimwa alihesabiwa anaunguruma. Waya umehamishwa na sasa kifaa kinasoma mizunguko ya injini kwenye soketi ya uchunguzi ya gari. Pili, gari la zimamoto, la maji na la taka hufanya kazi likiwa limesimama, kwa sababu injini inazungusha pampu au kibanio. Swichi ya pampu lazima iunganishwe kwenye njia ya pili ya kifaa ili saa hizo zitengwe. Bila hivyo utakuwa unamgombeza mzimamoto kwa kuzima moto.

Ambulensi hazimo kwenye kanuni ya dakika moja. Kilichofanyika kwao ni kuweka soketi ya umeme ya kuegeshea ubavuni, ili friji ya dawa na chaja za vifaa vitumie umeme wa jengo gari likiwa kituoni. Kwa magari ya doria, redio na taa za juu zimewekewa betri ya pembeni. Hesabu yake: ampea 25 kwa saa 3 ni ampea-saa (Ah) 75. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, hivyo inahitajika ya 150 Ah, ilhali ya lithiamu ya 100 Ah inatosha na ni nyepesi zaidi ya mara mbili. Kosa la kuepuka ni kuifunga betri hiyo moja kwa moja kwenye ile kuu. Altaneta za magari mapya hushusha volti ili kuokoa mafuta, na betri ya pili haitajaa kamwe. Weka chaja ya kati ya betri na betri, na kikata umeme kinachozima mzigo volti zikishuka.

Wiki ya 11: upepo wa matairi

Fupi. Kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza matumizi kwa kama asilimia 0.2. Pungufu ya psi 10, ambayo kwa macho haionekani kwenye tairi la pikapu, ni asilimia 2. Pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limelala. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo, na mafundi wengi huifuata kimakosa. Kompresa ya karakana ilikuwa na geji inayosoma juu kwa psi 4. Imebadilishwa, na geji moja ya mkononi imefungiwa ofisini kama ya kulinganishia.

Wiki ya 12 hadi ya 16: gari linalolingana na kazi

Orodha ya safari imechambuliwa gari kwa gari kwa maswali matatu: abiria wangapi, mzigo kilo ngapi, barabara gani. Pikapu za milango minne zinazovuta kwa magurudumu yote manne zilikutwa zikipeleka barua kwenye lami. Tuchukue moja inayotembea kilomita 20,000 kwa mwaka kwa lita 11 za dizeli kwa kila kilomita 100: lita 2,200, kilo 5,896. Gari dogo la petroli la lita 6 kwa kilomita 100, kwa kazi hiyohiyo, linatumia lita 1,200, kilo 2,772. Punguzo ni kilo 3,124, zaidi ya nusu, na hakuna teknolojia mpya iliyoingia. Angalizo kwa wanaojaza majedwali: usilinganishe lita za dizeli na lita za petroli ana kwa ana. Geuza kwanza kuwa kilo.

Upinzani mkubwa hautoki kwa madereva, unatoka kwa mabosi, kwa sababu gari kubwa limegeuka kuwa alama ya cheo. Hoja iliyofanya kazi si ya mazingira. Ni kuonyesha mkuu wa idara orodha ya siku ambazo mafundi wa shambani walikosa pikapu huku pikapu mbili zikiwa zimeegeshwa nje ya ofisi kuu. Magari hayo sasa ni ya matumizi ya pamoja, yanaombwa kwa safari, na anayeomba pikapu anaandika mzigo atakaobeba.

Magari yaliyoondolewa yanauzwa kwa mnada, kwa hiyo yataendelea kutoa moshi mikononi mwa wengine. Hatuyahesabu, lakini kwenye taarifa haliandikwi neno “yameondolewa barabarani”.

Wiki ya 14, pembeni: dizeli ya mimea

Jaribio la mchanganyiko wa asilimia 20 limeanza kwenye malori. Tatizo lilitokea mapema, kama ilivyotarajiwa: dizeli ya mimea husafisha tenki, uchafu wa miaka unang'oka na kuziba filta. Filta mbili za akiba kwa kila lori kwa mijazo ya mwanzo zilitosha. Hewa ukaa ya ile sehemu ya mimea inaripotiwa peke yake nje ya wigo zote, wakati methani na oksidi ya nitrasi zake zinabaki kwenye Wigo wa 1. Aliyeziweka zote sifuri amekosea.

Wiki ya 17 hadi ya 19: jenereta

Jenereta ya kilowati 75 ikibeba robo tatu ya mzigo hutumia karibu lita 0.3 kwa kila uniti ya umeme. Ikibeba robo, inapita 0.4. Na usiku jengo likiwa na seva, taa za ulinzi na friji chache tu, haifiki hata robo. Kwa lita 0.45 kila uniti inatoka na kilo 1.2 za hewa ukaa, kiwango kinachozidi hata cha umeme wa makaa ya mawe.

Mzigo mdogo pia unaiua injini. Chini ya asilimia 30 silinda hazipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua yanachanganyika na masizi na kutoka kama lami nyeusi kwenye maungio ya ekzosi. Fundi akiona lami hiyo hudhani pete za pistoni zimekwisha na kuagiza vipuri. Kabla ya kufungua injini, angalia kwanza mzigo.

Hatua: mzigo wa usiku umetengwa kwenye ubao wake na kuwekewa betri yenye inveta, jenereta kubwa inaingia tu betri ikishuka, na ikiingia inabeba mzigo pamoja na kuchaji betri, hivyo inafanya kazi kwenye kiwango chake kizuri. Majaribio ya kila mwezi sasa yanafanywa kwa dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30. Zamani iliwashwa bila mzigo, ikaunguruma na kuzimwa. Mtindo huo ulikuwa unachoma mafuta bila kuthibitisha kitu.

Wiki ya 20 hadi ya 23: gesi za viyoyozi

Hakuna aliyetarajia sura hii iwe nzito hivi. Kilo moja ya R-410A, gesi ya viyoyozi vya majengo, ikivuja, kwa vizidishi vya Ripoti ya 5 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ni sawa na kilo 1,924 za hewa ukaa. Gawa kwa 2.68: ni kama lita 718 za dizeli, mtungi mdogo wa fundi ukitoa kilo moja tu. Gesi ya kiyoyozi cha gari, R-134a, ina kizidishi 1,300. Gari dogo hubeba kama nusu kilo, hivyo kiyoyozi kimoja kilichoisha gesi ni sawa na lita 240 za dizeli. R-32 ni 677. R-22 ina 1,760, ila ipo chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na huripotiwa pembeni, nje ya wigo. Tusiitupe kwenye jumla, wala tusiifiche.

Njia ya kuhesabu ni rahisi: gesi iliyoongezwa ndiyo iliyovuja. Lakini ankara za mafundi ziliandika “kujaza gesi” bila uzito wala jina la gesi. Fomu mpya inadai mambo manne: namba ya kiyoyozi, aina ya gesi, uzito wa mtungi kabla na baada, na mahali uvujaji ulipokutwa. Nafasi ya nne ikiwa tupu, malipo yanasubiri. Sharti hilo moja limebadilisha mwenendo wa kazi kuliko semina yoyote, kwa sababu mazoea yalikuwa kuongeza gesi kila msimu wa joto bila kutafuta tundu.

Mahali pa kuanzia kutafuta ni maungio ya mabomba ya shaba yaliyopanuliwa mdomo, karibu na kipande cha nje. Naitrojeni inaingizwa kwa shinikizo, povu la sabuni linapakwa, na bomba linatazamwa kwa utulivu. Mdomo wenye ufa ukatwe na upanuliwe upya. Kukaza nati zaidi kunaongeza ufa. Kisha pampu ya kunyonya hewa hadi mikroni 500, izimwe, ionekane kama kipimo kinakaa. Kikipanda haraka kuna tundu. Kikipanda taratibu na kusimama, kuna unyevu. Gesi ya zamani inaingizwa kwenye mtungi wa kurejesha na kupimwa, haiachiwi hewani. R-32 isiwekwe kwenye mtambo wa R-410A: inashika moto kwa kiasi fulani na kompresa haikutengenezwa kwa ajili yake. Marekebisho ya Kigali ya 2016 kwenye Itifaki ya Montreal yanapunguza gesi za aina hii duniani kote, kwa hiyo mitambo mipya inayonunuliwa imewekewa kikomo cha kizidishi 750.

Taa za LED zimeendelea sambamba na hazihitaji maneno mengi. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki ya zamani hula kama wati 45, ya LED ni 18. Kwa saa 2,500 kwa mwaka zinaokolewa uniti 67.5 kwa kila tyubu. Choki itolewe kabisa na fremu ibandikwe lebo, vinginevyo mtu atarudisha tyubu ya zamani kwenye waya zilizobadilishwa.

Wiki ya 24 hadi ya 30: magari ya umeme

Yamekuja mwisho kwa makusudi. Kabla ya kujua lita za kila safari huwezi kujua safari ipi inafaa.

Hesabu kwa kilomita 20,000 zilezile: gari dogo la umeme hutumia kama uniti 0.18 kwa kilomita kutoka kwenye betri. Kuchaji hupoteza kama asilimia 12, hivyo ukutani zinatoka uniti 4,090. Gridi ya kilo 0.1 kwa uniti, yenye maji na upepo mwingi, inatoa kilo 409. Gridi ya 0.5 inatoa 2,045. Gridi ya makaa ya 0.9 inatoa 3,681. Sasa weka hizi karibu na gari dogo la petroli lenye kilo 2,772: kwenye gridi ya 0.9 gari la umeme limeshindwa, na mahali pa kulingana ni karibu 0.68. Dhidi ya pikapu ya kilo 5,896 linashinda kwenye gridi zote tatu. Kwa haki, upande wa mafuta hapa haujabebeshwa uchimbaji, usafishaji na usafirishaji, na ukiuongeza mstari wa kulingana unapanda juu. Cha msingi ni kwamba jibu linategemea gari gani linaondoka. Ukiondoa gari dogo na kuacha pikapu ziendelee, umeanzia upande usiofaa.

Umeme unaripotiwa kwa njia mbili, ya gridi ilivyo mahali hapo na ya mkataba wa ununuzi. Vyeti vya umeme jadidifu vinaonekana kwenye njia ya pili tu.

Chaja sita za ampea 32 kwa volti 230, kila moja kilowati 7.4, zimefungwa mbili kwa kila fezi. Njia kuu ya karakana ni ampea 100 kwa fezi. Usiku jengo linatumia 15, chaja mbili zinaongeza 64, jumla 79, salama. Mchana jengo linatumia 60, zinabaki 40, na chaja mbili zikiwashwa kwa nguvu zote sakiti breka kuu inakata na karakana nzima inazimika. Kidhibiti cha mzigo kinazigawia 20 kila moja. Kisishushwe chini ya ampea 6 kwa gari, kwa sababu IEC 61851, kiwango cha kimataifa cha kuchaji magari ya umeme, kinaishia hapo na gari litaacha kuchaji.

Waya: kutoka ubaoni hadi maegesho ni mita 40. Shaba ya mm² 6 inapoteza volti 7.5 kwa ampea 32, zaidi ya asilimia 3, na wati 240 zinageuka joto ardhini usiku kucha. Ya mm² 10 inapoteza volti 4.5. Imefungwa ya 10. Kila chaja ina kinga ya uvujaji wa umeme inayotambua mkondo mnyoofu wa miliampea 6, maana kinga ya kawaida hupofushwa na mkondo huo na haikati. Skrubu za maungio zikazwe kwa bisibisi ya toki kwa kipimo cha mtengenezaji. Ungio moja lililokazwa kwa mkono liligeuka kahawia ndani ya wiki mbili, na lilionekana kwa kamera ya joto kabla ya kuyeyuka. Soketi za kawaida za ukutani zimepigwa marufuku kwa kuchajia: hazikukusudiwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa nane mfululizo.

Kununua chaja za kilowati 22 kulipendekezwa na kukataliwa. Magari yaliyochaguliwa yana chaja ya ndani ya kilowati 7, kwa hiyo hata yakifungwa kwenye chaja ya 22 yatavuta 7.

Yanayosubiri

Mita ndogo ya chaja imefika ila haijafungwa. Hadi ifungwe, umeme wa magari unaingia kwenye bili ya jengo, na msimamizi wa jengo ameanza kulalamika kwamba taa mpya hazijaokoa kitu. Greda mbili bado hazina mita ya saa. Mkandarasi wa taka ameleta taarifa ya kilomita. Imerudishwa, alete lita.

Kuanzia mwezi ujao mita ya chaja isomwe tarehe 1, alfajiri, kabla gari la kwanza halijatoka, saa ileile kijiti kinapoingia kwenye tenki.